Chai ya dandelioni kwa mwenye presha, na je, ndiyo mchunga wetu?

Mwana wa Majengo
Salaam aleikum wanajamvi. Mamangu ana presha, anameza enalaprili na spironolaktoni. Miguu imemvimba, jirani akamshauri anywe chai ya dandelioni ya kukojoza maji. Duka la mitishamba lauza pakiti ya majani makavu, haina kipimo wala tahadhari. Mwengine asema tusipoteze pesa, dandelioni ndiyo mboga ya mchunga, huu wa soko la Kongowea. Ni kweli? Na apewe kiasi gani?

Mfamasia Kisauni
Kwa mamako, hata kikombe kimoja asipewe. Dawa zake zote mbili huzuia potasiamu isitoke na mkojo, na majani ya dandelioni yamejaa potasiamu: gramu 100 mabichi zina karibu miligramu 400. Ikizidi damuni, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika, tena pengine bila dalili ya kutangulia. Halafu hiyo miguu yataka kujulikana sababu. Yaweza kuwa moyo, figo, au hata dawa nyengine ya presha kama amlodipini. Apimwe potasiamu na kreatinini (kipimo cha damu cha kuonyesha kazi ya figo), aende na pakiti yenyewe mkononi. Vidonge asiache. Akikosa pumzi anapolala, au ukivimba mguu mmoja tu wenye maumivu, ni hospitali leo leo.

Mkulima Mtwapa
Mchunga si dandelioni. Ni ukoo mmoja, zote zina utomvu mweupe na maua ya manjano, ndipo watu wachanganyapo. Ya dandelioni majani yote hulala chini yakizunguka kitovu, na hapo katikati huchomoza vikonyo vyenye uwazi ndani, kila kimoja ua moja, jani hakuna. Mchunga husimama, majani yapanda na shina, juu una vitawi vya maua mengi madogo. Mizizi yake hutambaa, ndiyo maana ukiung'oa shambani warudi. Wetu ni mboga: chemsha, mwaga maji ya uchungu, tia tui. Vipimo vya dandelioni usivihamishie huku.

Mwana wa Majengo
Shukran, basi hapewi. Na mtu mzima mwenye afya, asiye na dawa yoyote, aitengeneze vipi?

Muuza Mitishamba
Majani makavu gramu 4 hadi 10 kwa kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja, si zaidi ya mara 3 kwa siku. Anza na 4. Pima kwa mizani, kijiko hudanganya kwani majani ni mepesi. Kikombe cha mwisho kiwe alasiri, la sivyo usiku kucha ni safari za msalani. Mizizi ni habari nyengine: gramu 3 hadi 4, ichemshwe, na kazi yake ni tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula. Wiki 2 bila nafuu, aone daktari.

Mfamasia Kisauni
Na msiitarajie makubwa. Utafiti wa 2009 uliotajwa sana, wa kuona kama majani haya hukojoza, ulikuwa wa watu 17 wenye afya, si wagonjwa wa presha. Mwenye mawe ya nyongo, vidonda vya tumbo, figo dhaifu, mimba, au mzio wa mimea ya jamii ya alizeti, aiache. Watoto chini ya miaka 12 pia. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse kwa sababu vitamini K ya majani hupunguza nguvu yake, wala wa lithiamu, dawa ya maradhi ya akili. Pakiti ikifunguliwa, hamishia kwenye chupa ya kifuniko kikazacho, unyevu wa Mombasa hauna huruma. Ikishika mabonge au kunuka uvundo, tupa.