Naomba ushauri: kufuli moja la memori kwenye xv6, niligawe vipi?

mwanagenzi_riscv:
Wakuu habari za humu. Najifunza mifumo endeshi kwa xv6, ile kerneli ndogo ya kufundishia ya MIT. Kwenye kalloc.c, faili la kugawa memori, kuna orodha moja tu ya kurasa tupu (vipande vya memori visivyotumika) na kufuli moja, kmem.lock, linaloruhusu prosesa moja tu kwa wakati kugusa orodha hiyo. Kila ukurasa wa baiti 4096, uwe unatolewa au unarudishwa, lazima upite hapo. Nikiendesha kalloctest, programu ya kupima kazi hii, prosesa zinagombania kufuli hilo muda wote. Nataka kila prosesa iwe na orodha yake na kufuli lake. Sasa orodha ya moja ikiisha na ya jirani bado inazo, ichukueje bila kukwama? Na interapti (ishara zinazoikatiza prosesa kazi yake) nizizime mpaka wapi?

fundi_kerneli:
Wazo lako ndilo lenyewe, mkuu. Hata Linux kila prosesa ina akiba yake ndogo ya kurasa, ikipungukiwa ndipo inaenda kwenye kufuli la eneo zima la memori.

Mkwamo unakuja hivi: prosesa 0 imeshika kufuli lake inalitaka la 1, na 1 imeshika lake inalitaka la 0. Zitazunguka hapo mpaka uzime mashine. Achia la kwako kwanza, ndipo ushike la jirani. Ukishapata ukurasa, mpe aliyeomba moja kwa moja. Majina ya makufuli yaanze na kmem, kalloctest inayatafuta hivyo.

dada_asembli:
Naongezea, maana hapa wengi wanapita haraka. freerange, ile inayojaza orodha ya kurasa tupu, inaendeshwa na prosesa moja wakati wa kuwaka, kwa hiyo memori yote inaanzia kwenye orodha ya hiyo moja. Nyingine zina sifuri. Zikichukua ukurasa mmoja mmoja, zote zinarudi kupanga foleni kwenye kufuli lilelile na hujapunguza kitu. Kata fungu, tuseme kurasa 64, ukiwa umeshika kufuli la jirani, liachie, kisha shika lako uunge mnyororo.

Interapti: push_off (inazizima), soma cpuid (namba ya prosesa uliyopo), fanya kazi yote, pop_off (inaziwasha tena) mwishoni.

fundi_kerneli:
Dada, hapo kwenye interapti sikubaliani sana. Interapti ikikufanya uhamishiwe prosesa nyingine baada ya kusoma namba, hakuna data inayoharibika, maana orodha inalindwa na kufuli lake, si na namba uliyosoma. Utakuwa umetumia orodha ya jirani tu.

dada_asembli:
Kweli, kwa kalloc, ile inayotoa ukurasa, haiharibu. Ila bado ningezizima, kwa sababu maelezo ya cpuid yenyewe yanadai hivyo, na kesho mtu ataongeza mstari unaotegemea namba hiyo.

mwanagenzi_riscv:
Asanteni sana. Nina wasiwasi mmoja: nikizikagua orodha moja baada ya nyingine, si mtu anaweza kurudisha ukurasa kwenye orodha niliyokwisha kuipita? kalloc itasema memori imeisha wakati ukurasa upo.

dada_asembli:
Inawezekana kabisa, umeona mbali. Kama unataka kupunguza hatari hiyo, ukishazunguka bila kupata kitu, na huna kufuli lolote mkononi, shika yote kwa mpangilio wa namba, 0, 1, 2 na kuendelea, kisha kagua tena. Mpangilio mmoja kwa wote unazuia mkwamo. Njia hiyo ni nzito, lakini inapitiwa memori ikikaribia kuisha tu.