Nywele zangu zikifika mabegani zinagota hapo hapo. Naombeni ushauri

Bi_Kichwangumu:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, ila msinitajie mafuta tafadhali, kabati langu limeshajaa.

Nywele zangu ni za kipilipili, nzito, na sijaziweka dawa. Nasuka rasta, nikifumua naona kabisa shinani zimeota, lakini nikivuta hadi begani urefu ni ule ule. Nikichana, vipande vimetapakaa kila mahali. Na hapa pembeni, juu ya masikio, zimeanza kuwa chache. Hivi kuna watu tumeumbwa na nywele zisizorefuka? Kama ndivyo, niambieni tu ukweli ninyoe nipumzike.

ChanuoPana:
Usinyoe dada. Mbona umeshajijibu mwenyewe? Ukifumua rasta unaona mpya shinani, basi zinaota. Nywele kwa wastani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili huwa chini ya hapo kidogo. Urefu usipobadilika maana yake kinachoingia juu kinatokea chini.

Hebu fanya jaribio hili kabla hujanunua kitu. Okota unywele uliotoka kwenye chanuo, upitishe kati ya vidole penye mwanga. Ukiwa na kidonge kidogo cheupe upande mmoja, huo umenyonyoka kutoka kwenye shina lake kwa sababu muda wake umekwisha, na hilo ni jambo la kawaida. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikuta kipande kifupi kisicho na kidonge popote, huo umekatika. Kunyonyoka na kukatika ni shida mbili tofauti, na ushauri wake ni tofauti. Turudishie majibu.

Mzee_wa_Nyonyo:
Mafuta ya nyonyo kila usiku kwenye mizizi. Zangu zimefika mgongoni. Nimemaliza.

ChanuoPana:
Mkuu, kasema hataki mafuta, na wewe umekuja na dumu! Mafuta hayaoteshi nywele. Kazi yake ni kulainisha na kupunguza kasi ya maji kutoka kwenye unywele. Nywele zikiwa kavu kama fagio ukazipaka mafuta, utapata fagio linalong'aa. Lowesha kwanza, weka kondishena ya kuacha, ile isiyosuuzwa, halafu mafuta kidogo juu yake.

Mzee_wa_Nyonyo:
Mgongoni. Narudia, mgongoni.

FundiMistari:
Mimi ni msusi, naomba niseme kuhusu hizo za pembeni, maana hapo ndipo nina wasiwasi napo.

Wateja wengi wananiambia "kaza dada, zikae muda mrefu". Sikazi. Ukitoka kusuka ukashindwa kulalia ubavu, au vikatokea vipele vidogo kwenye mizizi, ujue shina linavutwa. Nywele za pembeni na za paji ni laini kuliko za utosini, ndizo zinazokwenda kwanza. Ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, pale zinapoota panageuka kovu, na kovu halioti nywele tena. Kwa hiyo mwambie msusi wako aache zile nyepesi za ukingoni kabisa, apunguze nywele bandia, na rasta ziwe nene kiasi. Kama anakasirika, tafuta mwingine.

Tena usikae nazo kupita wiki 6 hadi 8. Zile zinazonyonyoka kila siku haziwezi kudondoka zikiwa ndani ya rasta, zinabaki zimejisokota pale shinani pamoja na vumbi na mafuta. Ukifumua utakuta kijifundo cha kijivu. Wengi hupita nacho moja kwa moja bombani, na maji yakigusa tu kinakaza kama uzi ulioloa, halafu wanakuja kulia kwamba rasta zimewakata nywele. Kabla ya maji, paka kondishena au mafuta kwenye kila kijifundo, ukiachanishe kwa vidole taratibu, kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani ukipanda juu. Ni kazi ya saa kadhaa. Weka redio.

Mama_Watatu:
Naongezea. Nywele za kipilipili zina mikunjo mingi, mafuta ya asili ya kichwani hayafiki nchani. Ndiyo maana ncha ndizo zinazokauka na kukatika kwanza, nazo ndizo kongwe kuliko zote. Osha kila wiki moja au mbili, shampuu iishie kichwani, kondishena ikae kwenye urefu. Gawa mafungu manne. Usiku funga kitambaa cha satini, pamba inanyonya unyevu na kusugua. Ncha zilizopasuka kata. Kukata hakuziharakishi kuota, lakini mpasuko ukiachwa unapanda juu na utakula zaidi ya ulichoogopa kukata.

Pasi ya nywele sisemi sana. Ukiizoesha, mikunjo haitarudi.

DawaSiyoPipi:
Nafanya kazi ya famasia. Kama jaribio litaonyesha zenye kidonge ndizo nyingi, na zinatoka kwa mikupuo, usihangaike na chanuo. Jiulize miezi michache iliyopita kulitokea nini: kujifungua, homa kali, upasuaji, kupungua uzito ghafla? Nywele hujibu kwa kuchelewa, miezi 2 hadi 4 hivi, na mara nyingi zinarudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na hitilafu za tezi ya shingo pia hunyonyoa, hayo yanapimwa.

Vidonge vya biotini (aina ya vitamini) vinauzwa sana, ila vinamsaidia mwenye upungufu wa biotini, na hao ni wachache. Tena dozi kubwa inaweza kupotosha baadhi ya vipimo vya damu, kwa hiyo ukienda maabara sema unavitumia.

Na ukiona utosi unapungua huku unawasha au kuungua, au mabaka yenye magamba, nenda kwa daktari wa ngozi mapema.

Bi_Kichwangumu:
Asanteni sana jamani. Nimefanya jaribio: karibu zote ni vipande vifupi, zenye kidonge ni za kutafuta. Sijaumwa wala sijajifungua. Swali kwa FundiMistari: nisiposuka, nazibana kichogoni kwa mpira kila siku, maana kazini wanataka kichwa kiwe nadhifu. Hilo nalo lina shida?

FundiMistari:
Lina shida kama linakaza, na hasa kama ni mahali pale pale kila siku. Tumia kibanio cha kitambaa, leo bana chini, kesho juu kidogo, na ukifika nyumbani achia. Hizo za pembeni zipumzishe kabisa, hata rasta usisuke kwanza. Sokota mafungu makubwa mwenyewe, yanatosha.

Bi_Kichwangumu:
Sawa dada. Na nitajuaje kama zinarefuka?

ChanuoPana:
Chagua fungu moja la kichogoni, linyooshe kwa vidole, pima kwa futi ya kitambaa. Rudia baada ya miezi 3, fungu lile lile. Usipime kila wiki, utachanganyikiwa bure.

Mzee_wa_Nyonyo:
Dada, kama kabati limejaa, mimi napokea.