Je, watu wa kale waliamini kweli kwamba sanamu ndiyo mungu?

Mwalimu wa Barani (Malindi)

Assalaam aleykum, ndugu na dada zangu. Ninafundisha historia katika shule moja ya upili hapa Malindi, na muhula huu tumefika kwenye staarabu za Misri na Mesopotamia. Kila ninapomtaja Marduk, mungu wa Babeli, au Amun na Isis, miungu ya Misri, wanafunzi wangu, Waislamu kwa Wakristo, hunijibu kwa sauti moja kwamba watu wale walikuwa wajinga walioabudu mawe. Jibu hilo linanisumbua, kwa kuwa watu hao hao walifuatilia mwenendo wa sayari, wakaandika sheria, na wakatuachia hesabu ya sitini ambayo hadi leo tunaigawia saa. Naomba wenye elimu wanifafanulie mambo mawili. Je, waliiona sanamu kuwa ndiyo mungu mwenyewe? Na ikiwa mtu aliweza kumfikiria mungu mmoja aliye juu ya wote, kwa nini aliendelea kuitolea sadaka miungu mingine?

Mkaazi wa Langoni (Lamu)

Waaleykum salaam, Mwalimu. Hoja ya wanafunzi wako ni kongwe kuliko wanavyodhani, maana makuhani wa Babeli waliijua na wakaitafutia jibu. Sanamu ilichongwa kwa mti mzuri na kuvikwa dhahabu, lakini ilipotoka karakana haikuhesabiwa bado kuwa mungu. Ilipelekwa ukingoni mwa mto, ikafanyiwa ibada ya kuoshwa kinywa iliyochukua siku mbili, na makuhani wakatamka wazi kwamba pasipo ibada hiyo haiwezi kunusa ubani, kula chakula wala kunywa maji. Kisha mafundi walioitengeneza walifungwa mikono kwa kitambaa, mikono hiyo ikapitishiwa kisu cha mti kama ishara ya kukatwa, nao wakaapa kwamba si wao walioifanya bali ni miungu ya ufundi wao. Mtu asiyeitambua tofauti ya mti na mungu hana haja ya kiapo cha namna hiyo. Kwao sanamu ilikuwa makao: mungu aliingia humo kwa hiari yake, akahudumiwa humo, na aliweza kuhama.

Huduma yenyewe haikuwa ya mzaha. Mabamba ya udongo ya mji wa Uruk, ya karne za mwisho kabla ya Kristo, yanaonyesha miungu ikiandaliwa milo minne kwa siku, miwili asubuhi na miwili jioni.

Imani ya kwamba mungu huweza kuhama ndiyo inayoeleza jambo moja la ajabu katika vita vya zama hizo. Mfalme Sennacherib wa Ashuru aliuangamiza mji wa Babeli mwaka 689 KK, na sanamu ya Marduk haikurudi mahali pake hadi mwaka 668 KK. Mtu wa leo angetarajia watu waseme kwamba Marduk ameshindwa. Badala yake Esarhaddon, mwana wa Sennacherib, aliandika kwamba Marduk mwenyewe aliwakasirikia wakazi wa mji wake, akawaandikia miaka 70 ya ukiwa, kisha akawahurumia na kuzipindua alama za tarakimu hiyo, ambazo kwa mwandiko wao zikigeuzwa husomeka 11. Kushindwa kwa mji kulifasiriwa kuwa ni hukumu ya mungu wake, na kwa njia hiyo imani ilistahimili maafa ambayo yangeweza kuibomoa.

Binti Mkomani (Lamu)

Mwalimu wangu, nitaligusa swali lako la pili. Nadhani tunakosea tunapodhani kwamba mtu wa kale alijiuliza ni mungu yupi aliye wa kweli. Alijiuliza ni mungu yupi mwenye mamlaka juu ya jambo lililompata. Mafuriko ya Mto Naili yalikuwa ya Hapi, uandishi ulikuwa wa Thoth, na haki ya hukumu huko Mesopotamia ilikuwa ya Shamash, mungu wa jua anayeona kila kitu. Sisi hapa Lamu hatumpelekei mwalimu wa chuo shauri la jahazi linalovuja, na hilo halimvunjii mwalimu heshima. Kuwepo kwa mkuu wa miungu hakukuondoa wajibu wa kuwahudumia walio chini yake, kama vile Warumi walivyomtukuza Jupiter na bado, mwaka 204 KK, wakati adui yao Hannibal, jemadari wa Karthago, angali Italia, wakalileta jiwe takatifu la Mama wa Miungu kutoka Asia Ndogo ili wapate msaada ambao hawakuwa nao.

Ningependa pia wanafunzi wako wakumbushwe yaliyotokea hapo hapo Malindi mwaka 1498. Watu wa Vasco da Gama waliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi, wakawaonyesha picha ya Bi Mariamu, na walipowaona wakisujudu wakaandika kwamba ni Wakristo, ingawa waliandika pia kwamba watu hao hawali nyama ya ng'ombe. Kwa dalili zote walikuwa Wahindu. Wareno walikiona kile walichokuja wakikitafuta, na sisi tunaweza kuwafanyia watu wa Babeli vivyo hivyo.

Mwana wa Shela (Lamu)

Nakubaliana na dada, ila mifano ya karibu zaidi ipo ng'ambo ya bahari yetu, na familia nyingi za Lamu zina nasaba huko. Falme za kale za Yemen zilijitambulisha kwa miungu yao: Saba kwa Almaqah, mwenye hekalu kubwa Marib, Hadhramaut kwa Sayin, mwenye hekalu Shabwa, Ma'in kwa Wadd, jina linalotajwa pia katika Sura ya Nuh, aya ya 23, na Qataban kwa Amm, ambaye watu wake walijiita wana wa Amm. Kumwabudu mungu fulani kulikuwa ndiko kuwa raia wa ufalme fulani, na aliyemwacha alijitenga na jamaa zake wote.

Kuhusu kumjua Muumba mmoja, Qur'ani yenyewe inawashuhudia washirikina wa Makka. Sura ya 29, aya ya 61 inaeleza kwamba wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi watajibu kuwa ni Mwenyezi Mungu, na Sura ya 39, aya ya 3 inaitaja hoja yao kwamba hao wengine wanawaabudu ili tu wawakurubishe Kwake. Kosa lao, kwa mujibu wa aya hizo, lilikuwa ni kuweka wapatanishi, na hilo ni jambo tofauti na kutomjua Muumba. Wanafunzi wako Waislamu wanazisoma aya hizi tangu utotoni, waombe wazitumie.

Mwalimu wa Barani (Malindi)

Ahsanteni sana, nimefaidika. Niruhusuni niulize tena: je, mfalme aliweza kuifuta miungu hiyo kwa amri?

Mkaazi wa Langoni (Lamu)

Mfalme Akhenaten wa Misri alijaribu, katika karne ya 14 KK. Aliujenga mji mpya kwa ajili ya Aten, yaani duara la jua lililoabudiwa kama mungu, na akaamuru jina la Amun lichongolewe kutoka kuta za mahekalu. Wengi humsifu kwa kuwa mtangulizi wa imani ya Mungu mmoja, lakini mimi naiona sifa hiyo kuwa kubwa mno, kwa sababu katika picha za zama zake miale ya Aten huwapa uhai mfalme na malkia, na watu wengine huwaelekea wao. Tena katika nyumba za mji huo huo wachimbaji wamekuta sanamu ndogo za Bes na Taweret, walinzi wa wajawazito na watoto wachanga. Mama aliyekaribia kujifungua hakuweza kuwaacha kwa amri ya mfalme. Baada ya Akhenaten kufa, mfalme Tutankhaten aliligeuza jina lake likawa Tutankhamun, na mahekalu ya zamani yakafunguliwa.

Amri zilizofaulu ni zile zilizokuja wakati watu wengi walikwisha kuhama. Kaisari Theodosius alipiga marufuku kafara katika dola ya Roma miaka ya 391 na 392 BK, na hata hivyo hekalu la Isis huko Philae, kusini mwa Misri, liliendelea hadi karne ya 6, alipolifunga Kaisari Justinian, kwa sababu Wanubi na Wablemi waliokuwa nje ya mpaka walikuwa na mkataba na Roma wa kuruhusiwa kwenda kuabudu hapo.