Mashine ya meza ya kukatia mbao haina mfereji, nikate vipi fito za mizinga zilingane?

fundi_isevya
Wakuu habari. Niko Tabora mjini, mashine yangu ni ya kuundwa kwa kuchomelea, mota chini juu bati nene, haina mfereji wa kuongozea mbao iende sawa wala nini. Nimepata oda ya mizinga ya nyuki, kasheshe ni zile fito za juu nyuki wanazojengea masega, upana milimita 32 urefu sentimita 48, nasukuma kwa mkono ncha zinatoka mshazari na vidole vinapita karibu na bledi mpaka naogopa. Nifanyeje?

mbao_ujiji
Pole mkuu, mfereji sio lazima. Chukua plaiwudi pana kuzidi meza, ndiyo itateleza juu ya meza ikibeba fito, chini yake funga vipande viwili vya mninga vibane kingo za meza kushoto na kulia, hiyo ndio reli yako. Ila kwanza chagua jino moja la bledi litie alama, pima toka ukingo wa meza hadi kwenye jino hilo likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono (umeme umezima!) lije nyuma pima tena, ikipishana rekebisha mota kabla ya yote. Ubao wa kuegemezea fito, unaokaa juu ya plaiwudi kukingama bledi, uweke skrubu moja tu kwanza, kata kipande kipana katikati, nusu moja ipindue chini juu, zirudishe zigusane zikiwa zimeegemea ubao ulionyooka. Ukiona uwazi wa pembetatu hapo hilo ni kosa mara mbili, sogeza kidogo ujaribu tena ndio ukaze skrubu zote. Halafu funga kibao cha kuzuilia sentimita 48 toka bledi, kila fito iguse hapo, hupimi tena.

mzee_wa_randa
Naongezea kijana wangu, usikate urefu huku ncha nyingine inagusa fensi (ule ubao wa pembeni ulio sambamba na bledi), kipande kikibanwa kati ya fensi na bledi kinarushwa, mimi kilinipiga tumboni nikakaa wiki nzima sifanyi kazi. Na kuchana ubao kwa urefu upate hizo milimita 32 tengeneza kijiti cha kusukumia, mbao ya futi moja na nusu, mwisho wake chonga pengo kama kisigino lishike nyuma ya ubao na likandamize chini pia. Chonga viwili vitatu, vitaliwa na bledi, bora kijiti kuliko kidole.

fundi_isevya
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Nimefunga reli jana, zilikuwa zinakwama nikapaka nta, hapa kwetu nta haikosekani, sasa inateleza vizuri. Kosa lilikuwa kwenye mota, ilipishana karibu milimita 3. Fito kumi za kwanza nimezisimamisha pamoja mezani, vichwa vyote sawa.