Mrejesho: ile programu ya mikopo iliyochukua namba zangu zote

Wakuu, habari zenu. Wiki mbili zilizopita niliuliza nifanyeje baada ya programu moja ya mikopo kuwatumia meseji watu wangu, hadi mama mkwe, kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Nilikuwa nimechelewa siku nne tu.

Nimefanya mlivyonielekeza. Niliingia Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa, nikakuta nimeiruhusu Anwani (yaani orodha ya namba za watu kwenye simu), SMS, Mahali, hata Kamera! Nikazima zote, ndipo nikaifuta. Kinachouma ni kwamba namba walizokwisha kunakili hazirudi kwa kuzima ruhusa, kwa hiyo ilibidi niwapigie watu mmoja mmoja. Mama mkwe alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Mwanangu, si ungeniambia mimi kwanza?" Nililia.

Deni nimelimaliza, risiti ninayo. Picha za zile meseji nimezipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2022 inakupa haki ya kulalamika na kudai taarifa zako zifutwe. Nasubiri majibu, nitawaambia. Jana nimefuta na programu ya tochi. Nayo ilikuwa inasoma Anwani. Tochi!

Asanteni sana, mmenisaidia mno.