Naomba ushauri: wasifu wa marehemu baba yetu

Ndugu zangu, baba yetu ametangulia mbele ya haki, na familia imenikabidhi jukumu la kuandika wasifu wake utakaosomwa siku ya mazishi. Tarehe ya kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto na wajukuu ninavyo tayari, na sehemu hiyo hainipi shida. Kinachonitatiza ni kwamba baba hakuwahi kushika cheo chochote; maisha yake aliyaelekeza nyumbani, na yaliyomtambulisha huenda mgeni akayaona madogo. Kila jioni alikagua madaftari yetu kabla hata hajavua viatu vya kazini, na mama alipougua kwa muda mrefu, yeye ndiye aliyejifunza kusuka nywele za wadogo zangu ili waende shule wakiwa nadhifu.

Mimi naamini hayo ndiyo yanayostahili kusomwa. Baba mdogo, ambaye namheshimu sana, anaona wasifu ubaki kwenye tarehe na kazi tu, kwa kuhofia kwamba mama atazidiwa na uchungu mbele za watu.

Je, ni busara nimsomee mama kwanza, faraghani, ili yeye mwenyewe aamue kipi kibaki? Na kuhusu urefu, nimeandika kurasa 4, ilhali ukurasa mmoja uliochapwa husomwa kwa takriban dakika 3: mliowahi kusoma wasifu mbele ya waombolezaji, mlipunguza vipi bila kumpoteza mtu mwenyewe? Mazishi ni Jumamosi, hivyo nitashukuru kwa ushauri wa mapema.