Kuazima vitabu vya maktaba ukiwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani

Mama wa Mikindani ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina watoto wawili, wa kike mwenye miaka sita na wa kiume aliyetimiza miwili mwezi uliopita. Kila ninapokwenda Mtwara mjini hupitia maktaba na kuazima vitabu viwili vya hadithi, kwa sababu yule mkubwa ameanza kuunganisha silabi na hatosheki na kitabu cha shule peke yake. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa barazani, mdogo akaja mbio akitoka kula bibo, akaubandika mkono wake uliolowa katikati ya ukurasa wenye picha ya kobe. Dada yake alipokivuta kitabu, ukurasa ukachanika hadi karibu na mshono. Sote tunajua kwamba doa la bibo halitoki. Mama mkwe wangu anashauri vitabu vya watu visiingie tena nyumbani mpaka mdogo apate akili, lakini inaniuma kumwambia binti yangu asubiri miaka miwili. Wenzangu mnafanyaje? Na je, niubandike ukurasa huu kwa selotepu kabla sijakirudisha kitabu?

Mkutubi mstaafu, Lindi:

Mwanangu, tafadhali usiubandike. Gundi ya selotepu hugeuka njano, hukauka na kuacha alama, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu haichukui muda mrefu. Rudisha kipande mahali pake, kifunge kitabu, ukipeleke kama kilivyo na ueleze kilichotokea. Ukitakiwa kulipa fidia, omba uelezwe utaratibu wake. Katika miaka yangu ya kazi, kilichotuumiza zaidi ya kurasa zilizochanika ni vitabu ambavyo havikurudi kabisa, kwa sababu mzazi aliona haya, kitabu kikakaa uvunguni hadi mchwa wakakimaliza. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, nia ilikuwa mwananchi asiye na uwezo wa kununua vitabu naye asome, na mwanao ni mmoja wa hao waliokusudiwa.

Mvua za kusini nazo huanza Novemba au Desemba zikaendelea hadi Aprili, kwa hiyo kifunge vizuri unapokuwa safarini. Kikilowa, usikianike juani, maana jalada litajikunja. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo.

Baba wa watatu, Chikongola:

Shikamoo mzee, na asante kwa maelezo hayo. Dada yangu, kwetu kitabu cha maktaba hukaa ndani ya kikapu cha ukili kilichotundikwa msumarini, na hakishuki mpaka baada ya magharibi, watoto wakiwa wamekwisha kula na kunawa kwa sabuni. Mdogo tulimpa kalenda kuukuu iwe yake, aifunue na kuichana apendavyo, na baada ya muda akajifunza mwenyewe kushika ukurasa kwa pembe, kama alivyotuona tukifanya.

Mama yangu mzazi hajui kusoma, lakini ndiye mwalimu mkubwa wa vitabu hivi. Huketi mkekani na kitabu mapajani, akawasimulia wajukuu picha moja baada ya nyingine kwa Kimakonde, akiongeza mambo yake mwenyewe, kisha binti yangu wa darasa la pili huyasoma maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa chini. Mara nyingi hadithi mbili hazifanani, nao hubishana kuhusu ipi ni sahihi hadi usingizi unawachukua. Pengine ukimpa mama mkwe wako kitabu akishike yeye, wasiwasi wake utapungua.

Mwalimu wa awali, Nachingwea:

Naunga mkono. Ningeongeza tu kwamba uazime kimoja badala ya viwili, mkirudierudie. Mtoto anayejifunza silabi hufaidika sana na kitabu anachokwisha kukijua.

Mama wa Mikindani:

Nawashukuru sana. Selotepu nimeirudisha kabatini. Jumamosi nitakwenda maktaba pamoja na binti yangu, naye ameomba aeleze mwenyewe habari ya doa, kwa kuwa anasema ndiye aliyekivuta kitabu.